Mzazi Halipe Hada

Barua ya shule kwa mzazi, Tanzania, ina heshima zake: muhuri, kumbukumbu namba, "Yah:", kisha "husika na kichwa cha habari hapo juu". Baada ya hapo kila herufi hujitafutia riziki. Mzazi "anaitajika kuudhulia" kikao, ambako wajumbe wa kamati watapatikana kwa "kupiga kula". H iliyotoroka kwenye aya ya kwanza huibukia ya pili: "Kila mzazi halipe hada kabra ya shule kufunguliwa." Mwenye mfuko mwepesi anaweza kuisoma kama msamaha.

Sababu zipo. Lugha kadhaa za Kibantu hazitenganishi l na r, na ulimi wa nyumbani huingia kwenye maandishi. Lakini shuleni ndiko mtoto anakokatwa alama za imla kwa makosa hayohayo!

Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) lipo tangu 1967. Kamusi Kuu ya Kiswahili ilitoka 2015. Kila tarehe 7 Julai dunia huadhimisha Siku ya Kiswahili, na shule nazo huimba ngonjera kuisifu lugha, baada ya kuwaandikia wazazi "wafike bira kukosa hasubuhi".

Ajabu ni kwamba tarakimu za michango huwa hazikosewi, wala namba ya akaunti.

Wakuu wa shule, mwalimu wa Kiswahili yuko hapohapo ofisi ya walimu. Mpeni barua aipitie kabla ya muhuri, hatadai posho.