Januari haimvizii mtu

Mtcheew! Kila mwaka hapa stejini ni wimbo ule ule: "Januari imenishika pabaya." Imekushika vipi, ndugu yangu, na kalenda umeitundika ukutani mwenyewe, ile uliyopewa bure dukani? Shule hazifunguliwi kwa siri.

Sisi watu wa Kitui na Makueni ukata wetu una tarehe. Mvua tunayoitegemea ni ya Oktoba hadi Desemba. Ndengu hupandwa mvua ikianza, na nyingi huvunwa Januari ikiyoyoma, Februari zikawa zinapigwa fimbo juu ya turubai. Karo nayo haingoji turubai. Mwongozo wa Wizara ya Elimu umeigawa 50:30:20, yaani nusu ya mwaka mzima inadaiwa muhula wa kwanza. Kwa shule ya kitaifa ya bweni iliyowekewa shilingi 53,554, mzazi anatakiwa kuwa na 26,777 wakati ndengu zake zingali kwenye maganda.

Hapo ndipo broka anaponusa. Anafika shambani, anatembeza macho, anakuwekea noti mkononi, na mazao yaliyosimama si yako tena. Maembe ndiyo usiseme: mti unauzwa mzima ungali na maua. Ukimkataa, atarudi wakati wa mavuno na mizani yake mwenyewe na magunia ya lumbesa yanayojazwa kupita kiasi, lakini angalau wakati huo utakuwa na kitu cha kubishania bei.

Aliyemkwepa broka anakimbilia simu. Simu ina adabu, haiulizi una ng'ombe wangapi. M-Shwari ilipoanza Novemba 2012 ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, na watu wakaona ni kidogo. Haya, tupige hesabu hapa kwenye kiti cha bodaboda. Umekopa 5,000 kwa kiwango hicho, ada ni 375. Mwezi umeisha hujapata, ukakopa kwingine ulipe pale, ukarudia tena. Miezi mitatu umetoa 1,125 na zile 5,000 bado unadaiwa. Sasa Hustler Fund ya serikali, iliyozinduliwa Novemba 30, 2022, riba yake ni asilimia 8 kwa mwaka. Hizo 5,000 kwa siku 14 zinazaa kama shilingi 15, hazifiki bei ya maandazi mawili. Najua mtaniambia wengi walianza kwa kupewa 500. Kweli, 500 haimpeleki mtoto bweni. Lakini kama shida ni unga wa wiki, kwa nini uende kwa ghali ukaiache rahisi?

Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa wa kujazia salio lisilotosha, sina ugomvi nayo ikiwa pesa inaingia kesho au kesho kutwa. Kasoro yake ni kwamba shilingi yoyote ikiingia M-Pesa, yeye ndiye wa kwanza kula. Mtu ametumiwa hela ya ndengu, anafungua ujumbe huku akitabasamu, salio anaona mabaki. Halafu ananiuliza mimi!

Tuje kwa mbuzi. Mkamba na mbuzi wake, aka! Tunamficha nyuma ya boma tukikopa, kisha tunamuuza tukiwa tumekwisha kuaibika. Tena tunamuuza Januari, wakati ambao kila mzazi kutoka Mutomo hadi Kathonzweni ameleta wake sokoni. Bei itaacha kuanguka? Desemba watu wa Nairobi wanakuja nyumbani kwa Krismasi, mifuko imejaa na hamu ya nyama wanayo. Huo ndio wakati wa kumtoa mmoja, na hela ikaandikwa karo kabla haijaitwa soda. Waliopitia ukame ule, misimu mitano mfululizo bila mvua ya kutosha kuanzia mwisho wa 2020, wanajua mbuzi asiyeuzwa akiwa mnene anageuka nini.

Kuna mwalimu mkuu pia. Wazazi humkimbia kana kwamba ni askari wa kanjo. Nenda Novemba, si asubuhi ya kufungua na sanduku kichwani. Mwambie ndengu zinatoka lini, mwandikiane malipo kwa awamu. Zipo shule zinazopokea mahindi na maharagwe yakahesabiwa kwenye karo, kwa sababu jikoni mwao kuna wanafunzi wa kulishwa. Mbaya zaidi atakwambia hapana, na hapana haitozi riba.

Akina mama ndio wametushinda. Mwethya wao, yaani kikundi cha kusaidiana kazi, wa kuchimba matuta umezaa vyama vya pesa, na zamu ya kupokea wanapangiana. Shida ni kwamba kila mmoja anataka zamu ya Januari. Kuna kikundi nilichosikia kimeamua: kuanzia Juni sehemu ya mchango haigawanywi, inawekwa hadi wiki ya shule. Hakuna uchawi hapo. Na tafadhali, mtu wa mshahara wa kibarua msimhubirie habari ya kuweka akiba ya miezi sita. Anayelipwa jioni akala jioni anahitaji kikundi.

Kuhusu hao wa programu za simu wanaompigia mama mkwe wako eti una deni: kanuni za Benki Kuu za Machi 2022 zinakataza. Benki Kuu hutangaza orodha ya wakopeshaji wenye leseni, itazame kabla ya kubonyeza "kubali". Na wewe mwalimu uliyemwachia shailoki kadi ya ATM pamoja na namba ya siri, deni ni lako na utalilipa, lakini mshahara wako hautakiwi kukaa mfukoni mwake. Nenda benki Jumatatu uibadilishe hiyo namba, kisha mketi na shahidi mpangane malipo.