Grainda Moja, Watu Wawili

Zawadi zingine jamani zinakuja na madeni yake. Shemeji yangu anayeishi Rotterdam katuletea mashine ya espreso. Nikachekelea. Nikaita majirani. Nikanunua pakiti ya kahawa ya unga, nikajaza, nikabonyeza. Sekunde tano, kikombe kimejaa. Maji ya kunde. Jirani akaonja kidogo, akauliza kwa adabu kama hii ndiyo ya kusuuzia vikombe.

Basi nikaenda kwa kijana mmoja mpika kahawa kwenye mgahawa wa Masaki, ule ambao ukiuliza bei wanajua umekuja na daladala. Akanisikiliza kwa huruma. "Mzee wangu, mashine haina shida. Shida ni grainda, ya kusagia kahawa." Eti mashine inasukuma maji kwa bar 9. Tairi la gari dogo halifiki hata bar 3. Presha yote hiyo ikikutana na unga mkubwa inapita bila kubisha hodi. Unga lazima uwe laini wa kuyabana maji, gramu 18 za kahawa zitoe gramu 36 za kinywaji kwa sekunde 25 hadi 30. Nikatikisa kichwa. Ukiniona natikisa kichwa hivyo ujue sijaelewa.

Nikamwambia brenda ninayo. Akacheka mpaka wateja wakageuka. Brenda haisagi, inakatakata. Inakupa vumbi na mabonge kwa mpigo. Vumbi linaleta uchungu, mabonge yanaleta uchachu, na wewe unavinywa vyote kwenye kikombe kimoja. Kinachotakiwa ni meno ya chuma yanayotazamana, punje ipite katikati, na ile nafasi uipange mwenyewe.

Ingeishia hapo ningeshukuru. Lakini mke wangu, mama Salma, hataki espreso, anasema inampeleka moyo mbio. Yeye anataka ya kumimina. Anaweka karatasi kwenye lile koni la Hario V60, gramu 15 za kahawa, mililita 250 za maji, anamimina taratibu dakika tatu hivi, hasemeshwi. Na hiyo inataka unga mkubwa zaidi. Mkubwa kiasi gani? Hapa ndipo wataalamu wa kahawa wananichosha. Espreso iwe laini kuliko chumvi ya mezani. Ya kumimina isogee kwenye chumvi ya mawe. Chumvi ipi hiyo? Kwetu chumvi ni ile iliyomo kwenye kopo, nusu imeshayeyuka. Kijana akanimwagia unga kiganjani. "Sugua, usikie." Nikasugua. "Unasikia?" Nikasema nasikia. Nilikuwa nasikia njaa.

Sasa tafuta grainda moja ya kazi zote mbili uone. Fellow Ode imenyooka, inapendeza mezani, ila espreso haigusi. Eureka Mignon ya Italia kwa espreso ni fundi, lakini kirungu chake hakina hatua, kinateleza tu. Ukikitoa kwenye espreso kwenda kwa mama Salma, kurudi ulikotoka ni kubahatisha. Baratza Encore ESP ndio waliofikiria watu wenye ndoa: namba 1 hadi 20 za espreso, hatua finyu, 21 hadi 40 za chujio, hatua pana. Roho ikatulia. Binamu yangu wa Texas akasema hiyo anaipata kwa bei ya kutupa, anitumie. Fundi umeme wa mtaani akauliza swali moja tu. Volti ngapi? 120. Huku kwetu 230. "Chomeka, mzee. Utakunywa moshi."

Haya, za mkono. Angalau hazijui Luku. Comandante ya Ujerumani, kila kliki meno yanasogea kama mikroni 30. Unywele wa mtu ni mnene kuliko hapo, namaanisha mtu mwenye nywele, si mimi. Lakini kwenye espreso hiyo ni safari ndefu. Kliki hii kahawa inamwagika, kliki inayofuata inagoma, inadondosha tone, inafikiria, tone. Mpaka ununue na ekseli nyingine ya kukata hatua hiyo nusu. Ekseli! Mwenzenu nilidhani nanunua chombo cha jikoni.

Nikapata nyingine ya mkono, kliki zake ndogo zaidi. Nzito, inang'aa. Nikatia gramu 18 za kahawa ya Mbinga iliyokaangwa kidogo. Hakuna aliyeniambia kahawa iliyokaangwa kidogo inakuwa ngumu. Nikaibana tumboni. Nikaibana mapajani. Nikakaa chini. Jasho, mishipa ya shingo, pumzi hiyo. Mama Salma akasimama mlangoni, akanitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda. "Baba Salma, unaumwa?" Akaninyang'anya. Mtu ametwanga kisamvu tangu utotoni. Akamaliza huku anaongea na simu, na simu yenyewe kaibana kwa bega.

Na vita ndiyo imeanza. Mimi naiacha kwenye espreso. Yeye anakuja, anafungua kliki zake, anasaga, anaiacha hukohuko. Alfajiri nusu usingizi nasaga, nabonyeza, maji ya kunde. Nikabandika karatasi kwenye friji: BABA hapa, MAMA pale. Salma akaongeza chini yake: MIMI CHAI. Na karatasi yenyewe haisaidii, kwa sababu ukifungua mfuko mwingine wa kahawa namba inahama. Mfuko uleule ukikaa, inahama tena. Kijana wa Masaki kanishauri bila aibu: wenye nafasi wana grainda mbili, kila kazi na yake. Nikamuuliza, hao wenye nafasi wamewaambiaje wake zao?

Juzi shemeji kapiga simu ya video, anataka kuiona mashine yake. Akauliza naweka gramu ngapi. Nikasema kijiko kimejaa hivi. Akanyamaza, nikadhani mtandao umekata. Kumbe anafungua kabati. Ananitumia mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, maana bila hiyo hata grainda niliyonunua haina kazi. Betri hazimo, kasema, nitanunua huku.