Nisifu, Nami Nikusifu

Mgodi wa dhahabu wa Buzwagi ulipofungwa mwaka 2021, Kahama ilibaki na wasaka kazi wengi, na kila mmoja ana mwenzake wa kumsifia: mwadilifu, mchapakazi, hahitaji kusimamiwa. (Hilo la mwisho kweli tupu, msimamizi hakuwahi kumkuta kazini.) Sifa huandikwa na msifiwa mwenyewe, mwenzake anatia sahihi tu, kesho wanabadilishana zamu. Barua hizo za sifa zinakwenda mgodini Geita, mbili mbili, hata makosa ya herufi yanafanana.

Lakini kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, kule Nyarugusu, karatasi hazisomwi. Mwenye duara humgeukia mdhamini, yule aliyetia sahihi: “Unamjua? Haya, shuka wewe, kamba aishike yeye.”

Ghafla mdhamini anakumbuka ana msiba Shinyanga.