Mwongozo kwa Anayetaka Kupima Mwendo wa Nyota Hafifu

Umeamua kupima mwendo wa nyota ambazo jicho halizioni, na hakuna aliyekuzuia. Digrii moja igawe vipande 3,600, upate sekunde ya pembe. Sekunde hiyo igawe elfu, upate milisekunde; nayo milisekunde uigawe elfu tena, upate mikrosekunde. Utakuwa ukigombana na ishirini au thelathini za hizo za mwisho, yaani upana wa unywele ulioko Kigali ukitazamwa kutoka Dar es Salaam. Wakwe wakikuuliza unafanya kazi gani, sema uhasibu.

Kanuni ya kwanza, na kwa kweli hakuna ya pili: ukiona nyota imetikisika, mshuku kwanza mtazamaji. Mwingereza James Bradley, miaka ya 1720, alikuwa akiivizia nyota ya Gamma Draconis aone ikiyumba kidogo kadiri Dunia inavyolizunguka Jua. Kuyumba huko huitwa paralaksi, na ndiko kunakotupa umbali. Nyota iliyumba kweli, sekunde ishirini kila upande, ila kwa majira yasiyolingana na paralaksi. Alichokiona ni mwendo wa Dunia yenyewe, unaofanya mwanga uonekane ukija kutoka upande mwingine kidogo. Ugunduzi mkubwa, lakini si ule alioutafuta. Paralaksi ilingoja mpaka 1838, Friedrich Bessel alipoinasa kwenye nyota ya 61 Cygni: theluthi moja hivi ya sekunde.

Peter van de Kamp hakubahatika hivyo. Huko Marekani aliipiga picha Nyota ya Barnard kwa miongo kadhaa, na mwaka 1963 akatangaza kwamba ina sayari inayoivuta huku na huku. Baadaye ikaonekana kwamba nyota nyingine zilizopigwa picha kwa darubini ileile nazo ziliruka wakati uleule, na ndio wakati mafundi walipoigusa lenzi. Van de Kamp alifariki 1995 bila kukubali. Usimcheke, zamu yako inakuja.

Utasema hewa ndiyo inayochezesha nyota, basi twende juu yake. Sawa. Hipparcos, chombo cha shirika la anga la Ulaya, kilirushwa Agosti 1989, na injini ya kukifikisha kwenye njia yake ikagoma kuwaka. Kikabaki kwenye njia ya umbo la yai, kikipenya mikanda ya mionzi kila mzunguko, na bado mwaka 1997 kikatupa orodha ya nyota zaidi ya 118,000. Hiyo ni bahati. Usiiweke kwenye bajeti.

Mrithi wake, Gaia, kilirushwa Desemba 2013 kwenda kilomita milioni 1.5 kutoka hapa, mahali palipochaguliwa kwa utulivu wake. Kilikuwa na darubini mbili zilizoelekezwa pande mbili, pembe kati yao digrii 106.5, nacho kilijizungusha mara moja kila saa sita, kikilinganisha nyota za upande huu na za upande ule. Kazi yote ilitegemea sharti moja tu, kwamba pembe hiyo isibadilike. Ikabadilika. Katika kila mzunguko ilipanda na kushuka kwa kiasi cha milisekunde moja, kupita mbali kile walichotarajia. Kilichowaokoa ni kifaa cha leza kilichopakiwa humo makusudi kuipima pembe hiyo muda wote. Ukipata mhandisi asiyeamini hata kazi ya mikono yake, mwajiri siku hiyohiyo. Mwanga wa Jua nao ulipata njia ya kuingia, kupitia nyuzi zilizochomoza ukingoni mwa kinga ya jua. Unyevu uliojificha ndani ukaganda kwenye vioo, na dawa yake ni kuvipasha joto kisha kungoja chombo kitulie upya. Tena mara kwa mara vyuma vyake vililia tak, vikijinyoosha, na anga nzima ikaonekana imeruka. Anga haikuruka.

Sasa hizo hafifu. Nyota ya daraja la 20 la mwangaza hutuletea mwanga ulio sehemu moja ya mia ya ile ya daraja la 15. Kwa hii ya 15, Gaia inakupa kosa la mikrosekunde 20 hadi 30. Kwa ile ya 20 kosa ni kama 500, na mara nyingi paralaksi yenyewe haifiki hapo. Ndipo jedwali litakapokuletea paralaksi hasi, kana kwamba nyota iko mbali kuliko pasipo na mwisho. Usishtuke, na usiifute. Mwanagenzi huzifuta zote kwa kupenda usafi, akabakiza zile zilizopendelewa na kosa, kisha kundi zima linamsogelea na hajui limeitwa na nani. Hata kwasa, zilizo mbali kiasi kwamba paralaksi yake ni sifuri, zilipata katika toleo la data ya Gaia la 2020 wastani wa mikrosekunde 17 chini ya sifuri.

Ukiona namba iliyochapishwa na watu wazito, kumbuka kundi la nyota la Kilimia. Wakulima wa pwani walikitumia kujua majira bila kuuliza kiko umbali gani. Hipparcos ikasema miaka ya nuru kama 390. Njia nyingine zikasema karibu 440. Waliokokotoa upya data ya Hipparcos walishikilia jibu lao, ikafika mahali nadharia ya nyota yenyewe ikatiliwa shaka. Gaia imekiweka karibu 440. Kilimia hakikuwa na kosa lolote.

Mara chache, baada ya kuwashuku wote, nyota huwa imetikisika kweli. Aprili 2024 ilitangazwa moja, umbali wa miaka ya nuru chini kidogo ya 2,000, inayozungushana na kitu kisichoonekana chenye uzito wa Jua mara 33. Ni shimo jeusi, Gaia BH3. Angalia lakini walivyofanya: hawakutangaza mpaka darubini za ardhini zilipothibitisha.

Gaia kilizimwa 27 Machi 2025, gesi yake ya kujielekeza ikiwa karibu kwisha, kwa hiyo ukihitaji kipimo kimoja zaidi umechelewa. Toleo la nne la data linatarajiwa Desemba 2026. Umbali wowote utakaouandika kabla ya hapo, uandike kwa penseli.