Wasifiwe Wadoezi

Watu wa Tucson, kusini mwa Arizona, wana mazoea ya kutundika barazani chupa ya maji ya sukari yenye maua mekundu ya plastiki, kisha wakakaa kumngojea mgeni mmoja tu: ndege mvumaji. Ni kiumbe wa gramu tatu au nne, apigaye mabawa hata yasionekane. (Huku kwetu yupo chozi, ambaye hajatundikiwa kitu na mtu na bado anaishi.) Mvumaji ndiye mwenye kadi ya mwaliko. Wengine wote wanaofika pale ni wadoezi, na hao ndio nitakaowasifu leo, maana wa kuwalaani wapo tele.

Nianze na sisimizi, kwa kuwa yeye huwa wa kwanza kufika. Chupa haijaacha kuyumba, keshapanga foleni kwenye kamba. Hasukumi, haruki mstari, hasemi kwamba anamjua mkubwa fulani. Wenye nyumba huweka kikombe cha maji juu ya chupa ili asivuke. Wasio na subira huipaka kamba mafuta, na mafuta yale yakishika manyoya ya mvumaji, kuruka kwake kunaharibika. Vita ya kumfukuza mdoezi humwangukia mwalikwa. Sisimizi mwenyewe, akifanikiwa kuingia, huzama katika sharubati na kufa ameshiba.

Nyuki na nyigu nawapita upesi, si kwa dharau bali kwa woga. Kigong'ota naye ana ukarimu wake: huing'ang'ania chupa mpaka ikainama, nusu akanywa, nusu ikamwagika chini iwe sadaka kwa sisimizi waliokosa nafasi juu.

Kwenye milima ya Arizona, na kaskazini zaidi huko Colorado, hubisha hodi dubu mweusi. Majira ya kujinenepesha kabla ya baridi anaweza kula kalori 20,000 kwa siku. Lita moja ya maji yale ina sukari gramu 200 hivi, yaani kalori 800. Kwa hesabu hiyo angehitaji chupa 25, naye amekuta moja. Huing'oa hata hivyo, bila malalamiko. Dubu akishazoea baraza za watu, mara nyingi mwisho wake ni risasi ya maafisa wa wanyamapori. Aliyesahau kuiingiza chupa ndani hupoteza chupa. Dubu hutoa roho. Nani kati yao ndiye aliyegharimia karamu?

Vunjajungu ndiye mwenye akili kuliko wote. Wenzake wamehangaikia sukari. Yeye ametambua kwamba sukari ni chambo. Hukaa ukingoni mwa chupa, mikono kaikunja kwa adabu, akamngoja mwalikwa, akamla. Mwaka 2017 watafiti walichapisha taarifa 147 za vunjajungu kukamata ndege katika nchi 13. Nyingi zilitoka Marekani, ambako walionaswa mara nyingi ni wavumaji waliovutwa na chupa au maua ya bustanini. Aliyesema mgeni njoo mwenyeji apone hakuwa na huyu akilini.

Lakini taji nampa popo. Kuanzia mwisho wa kiangazi, chupa iliyojazwa jioni hukutwa kavu alfajiri, na mwenye nyumba humshuku jirani. Kumbe ni popo mwenye pua ndefu, aliyesafiri kutoka Meksiko, ambaye hupita mbele ya chupa, akachovya ulimi mrefu, akampisha mwenzake. Mwaka 1988 Marekani ilimweka katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Waliojulikana hawakufika 1,000. Mwaka 2018 aliondolewa, idadi ikikadiriwa 200,000, akawa popo wa kwanza nchini humo kutoka katika orodha hiyo kwa sababu ya kupona. Na miongoni mwa waliosaidia kumfuatilia ni wakazi wa Arizona walioandika, mwaka baada ya mwaka, usiku ambao chupa zao zilinyonywa. Manung'uniko ya barazani yaligeuka takwimu za serikali.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Popo huyu alikuja na jembe lake. Ndiye anayebeba chavua ya mpungate mkubwa wa saguaro na ya agave, jamii moja na mkonge ulioletwa Tanga mwaka 1893.

Na mwalikwa je? Dume mmoja hukalia tawi, akailinda chupa asiyoweza kuimaliza kwa wiki nzima, akimvurumisha kila mvumaji mwingine anayesogea. Zamu yake ikiisha jioni, hupooza mpaka mwili ukapoa, na ndipo popo huingia kazini. Bakhili mmoja mchana, usiku kundi zima linakunywa kwa kupokezana. Hukumu yangu ni kwamba kadi ya mwaliko ilipelekwa nyumba isiyo yake.

Kwa hiyo, ewe mwenye baraza, tia kipimo kimoja cha sukari nyeupe kwa vinne vya maji, usitie rangi wala asali, na chupa uioshe mara kwa mara. Na kama mtaani kwako hapapiti dubu, usiku iache nje.