Gramu Ngapi, Bosi?

Juni ikiingia, Mbeya nzima huvaa koti. Dereva wa bodaboda wa Mwanjelwa huligeuza nyuma mbele ili kifua kisipigwe na upepo. Mama muuza viazi huvaa sweta la mtumba, kisha kitenge, kisha kitenge kingine. Usiku wa Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10, na hakuna anayempa mwenzake pole.

Sasa, huko Mufindi, Iringa, yupo bwana mwenye farasi. Aliniuliza blanketi la kipupwe liwe la gramu ngapi. Maana huuzwa kwa gramu, kama nyama: sifuri ni turubai tupu la kukinga mvua na upepo, 100 lina ujazo kidogo.

“Bosi wangu,” nikamwambia, “farasi mzima asiyenyolewa hana shida hata na sakitu ya Kitulo. Manyoya yake husimama yakashika hewa, na hewa hiyo ndiyo blanketi. Ukimvisha jingine unayalaza. Mpe majani makavu ya kutosha. Tumbo likiyasaga, linamwashia jiko.”

Akanisikiliza kwa adabu kubwa. Kisha akaagiza la gramu 100, la bluu, liendane na hatamu.

Nje ya lango, katika manyunyu, akapita punda na magunia ya viazi. Manyoya ya punda, masikini, hayakingi maji kama ya farasi. Lakini turubai alikuwa nalo. Lilifunika viazi.