Linux kwenye Meinfremu: Namna ya Kufanya Jaribio Linaloleta Jibu

Njia ya haraka ya kuliua jaribio la Linux kwenye meinfremu ni kumruhusu kila mkubwa ofisini aongeze sharti lake. Mkuu wa fedha ataongeza jedwali, mkuu wa usalama ataongeza fomu, muuzaji ataongeza slaidi, na mwisho wa mwaka mtakuwa mmezaa kamati badala ya jibu. Kwa hiyo kabla ya kuomba hata diski moja, chukua karatasi moja uandike swali moja.

Swali liwe la kujibika. "Je, Linux inafanya kazi kwenye meinfremu?" halifai, kwa sababu lilijibiwa zamani: wahandisi wa IBM wa Böblingen, Ujerumani, walitoa hadharani msimbo wao wa kuiendesha Linux kwenye System/390 mnamo Desemba 1999, na kampuni ya SUSE ikafuata na toleo la kibiashara mwaka 2000. Usitumie fedha za mwajiri kuthibitisha jambo lililokwisha kuthibitishwa. Swali zuri linafanana na hili: hifadhidata za idara ya madai, zilizotawanyika leo kwenye seva ishirini, zinaweza kuhamia kwenye prosesa mbili za meinfremu bila mteja kuongezewa muda wa kusubiri, na kwa gharama iliyo chini ya ile ya sasa? Chini yake andika namba itakayomaanisha ndiyo, namba itakayomaanisha hapana, tarehe ya mwisho, na jina la mtu atakayetia sahihi. Jaribio lisilo na namba ya kushindwa ni maonyesho, na maonyesho yana uwanja wake Sabasaba.

Sasa chagua kazi ya kujaribia. Hapa ndipo majaribio mengi huzikwa, tena na watu wenye akili. Anakuja kijana na programu ndogo ya kukokotoa hesabu, anaiendesha kwenye kompyuta yake ya mezani, kisha kwenye meinfremu, halafu anatangaza kwamba meinfremu imeshindwa. Huko ni kushindanisha basi na bodaboda kwa kumpeleka abiria mmoja sokoni. Meinfremu imeundwa kubeba wengi kwa pamoja na kupitisha data nyingi kwenda na kurudi kwenye diski bila kuzimia. Ipe kazi ya namna hiyo: seva nyingi ambazo kila moja hushinda siku nzima ikisinzia, hifadhidata, au programu inayouliza data iliyoko tayari kwenye z/OS, mfumo endeshi wa meinfremu wa IBM, ndani ya mashine ileile. Kazi ya aina hii ya mwisho naipenda kuliko zote, kwa sababu kwa HiperSockets mazungumzo kati ya Linux na z/OS hupita kwenye kumbukumbu ya mashine, bila kebo wala swichi. Kazi za kukokotoa mfululizo usiku kucha ziache zilipo.

Mfano mzuri ni Telia, kampuni ya simu ya Sweden. Mwaka 2000 iliamua kuondoa seva 70 na kuweka meinfremu moja ya S/390 yenye seva pepe za Linux zaidi ya 1,500 kwa ajili ya wateja wake wa intaneti. Ilijua ni kazi gani inayohama, na inahama kutoka wapi. Mwaka huohuo mtaalamu David Boyes alianzisha mashine pepe 41,400 za Linux ndani ya meinfremu moja. Namba hiyo wauzaji wanaipenda mno. Iheshimu, maana ilionyesha uwezo mkubwa wa VM, mfumo wa IBM unaogawa meinfremu katika mashine pepe na ambao leo huitwa z/VM, kupokea wageni, yaani mashine pepe hizo, lakini usiipeleke kwa mkurugenzi wa benki kama ushahidi. Mkurugenzi hana haja ya wageni 41,400. Ana haja ya ishirini wanaofanya kazi saa nne asubuhi siku ya mishahara.

Kisha kagua programu zenyewe, mapema. Linux ni ileile, ila prosesa si ileile. Programu iliyotengenezwa kwa ajili ya Intel haitakubali kuendeshwa hapa mpaka itengenezwe upya kwa s390x, yaani prosesa za meinfremu. Za Java na Python kwa kawaida huhama bila vita. Za C zilizoandikwa kwa kudhani kwamba baiti ndogo hutangulia zitakuumbua, kwani kwenye meinfremu baiti kubwa ndiyo hutangulia. Na kama data inatoka z/OS, herufi zake ziko katika EBCDIC, huku Linux ikisoma ASCII. Muulize mwenye programu, kwa maandishi, kama anaiunga mkono kwenye s390x. Jibu la "Inapaswa kufanya kazi" lisiandikwe kwenye ile karatasi.

Watu ndio kazi kubwa. Ofisi yenye meinfremu ina koo mbili. Kuna wazee wa z/VM na z/OS, ambao wamekaa mbele ya skrini ya 3270 ya meinfremu tangu wengine hatujajua kompyuta ni nini, na kuna vijana wa Linux, wanaoamini kwamba chochote kisicho na kipanya kilikufa zamani. Mzee humwita kijana mharibifu. Kijana humwita mzee makumbusho. Wote wawili wanahitajika, kwa hiyo waketishe kwenye meza moja kila asubuhi. Kijana amfuate mzee kwa adabu, aseme "shikamoo", kisha aulize jinsi z/VM inavyogawa prosesa. Hakuna kitabu kitakachomfundisha kwa kasi hiyo. Mzee naye akubali kuonyeshwa jinsi Linux inavyosakinishwa, maana hapo hana ukubwa. Watu wa mtandao na wa usalama waalike siku ya kwanza. Ombi la kufungua mlango mmoja kwenye ngome ya mtandao linaweza kula wiki kadhaa za muda wenu.

Tukifika kwenye mashine, jambo la kwanza ni kumbukumbu, na hapa nawasihi vijana wanisikilize. Kwenye seva ya kawaida mazoea ni kuipa Linux kumbukumbu nyingi kadiri inavyowezekana, nayo huijaza yote kwa kuhifadhi mafaili iliyoyasoma. Kwenye z/VM tabia hiyo ni ulafi. Wageni thelathini wakijaza kila mmoja sahani yake, z/VM italazimika kuhamishia kumbukumbu kwenye diski, na kila mtu atalalamika kwamba mashine ni nzito. Mpe kila mgeni kiasi kinachomtosha kazi, kisha kipunguze mpaka aanze kugusa kidogo nafasi yake ya akiba, na nafasi hiyo iwekwe kwenye VDISK, diski pepe ya z/VM iliyo ndani ya kumbukumbu.

La pili ni usingizi. z/VM hufurahi mgeni asiye na kazi anapolala kabisa. Kerneli za Linux za zamani zilikuwa zinaamka mara 100 kila sekunde kutazama saa tu, na wageni wengi wasio na kazi yoyote waliichosha mashine nzima, hadi kerneli iliporekebishwa iamke pale tu inapohitajika. Siku hizi wasumbufu ni programu za ufuatiliaji zinazogonga mlango wa kila mgeni kila baada ya sekunde chache. Zipunguze. Unapopima, soma takwimu za z/VM sambamba na za ndani ya Linux. Mgeni peke yake haoni jinsi prosesa inavyogawanywa kwa majirani.

Gharama zipigwe kwa haki pande zote mbili. Tumia prosesa za IFL, ambazo IBM ilizileta mwaka 2000 kwa ajili ya Linux: hukimbia kwa kasi kamili, na hazipandishi ada za programu za z/OS. Upande wa seva za sasa, hesabu leseni zinazotozwa kwa kila kiini cha prosesa, umeme, chumba, na mishahara ya wanaozibandika viraka. Upande wa meinfremu, hesabu z/VM, huduma ya Linux, na mafunzo. Anayeficha gharama ili meinfremu ishinde anaichimbia shimo atakalotumbukia mwenyewe mwaka unaofuata.

Halafu vunja. Zima mgeni mmoja ghafla, chomoa njia moja ya kwenda kwenye diski, rudisha hifadhidata kutoka nakala rudufu huku saa ikihesabu. Fanyeni hivyo mkuu wa idara akiwa ameketi hapo hapo.

Tarehe ikifika, andika jibu kwenye ileile karatasi, hata kama ni hapana, na zima mashine za jaribio siku hiyohiyo. Usikubali kuambiwa "iache tu, kuna idara imeanza kuitumia." Idara hiyo ijengewe mfumo mpya, wenye bajeti, nakala rudufu, na mtu anayelipwa kuamka usiku unapokwama.